Bi Stoo na Mbao Zake

Katika miaka yote niliyomjua sikumwona hata siku moja ameshika msumeno. Hakujua kupiga randa, hakujua kutia patasi, na ukimpa nyundo aliishika karibu na kichwa, kama mtu anayeshika samaki. Lakini katika karakana ile ya Mji wa Kale, Mombasa, hapakuwa na fundi, mkubwa wala mdogo, aliyethubutu kuvuta ubao mmoja bila kumwambia. Tulimwita Bi Stoo. Jina lake nalijua, na majirani wanalijua, lakini sitalitaja. Yeye mwenyewe alikuwa akisema jina la mwanamke si la kuzungushwa mitaani, na hili la stoo tulilompa lilimtosha. Nadhani hata lilimpendeza.

Karakana ilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba ya zamani, katika kichochoro ambacho mkokoteni ukiingia watu hupanda barazani kuupisha. Juu aliishi yeye na mumewe, mchonga milango, ambaye sote tulimwita Fundi Mkuu. Chini, sehemu ya mbele, zilikuwa meza zetu za kazi. Nyuma, baada ya ukuta mnene wa mawe na chokaa, ndiko kulikokuwa na stoo: chumba kirefu, chembamba, chenye kiza, na dirisha moja linalotazama kichochoro cha pili. Mbao ndefu hazikuweza kukata kona ya mlangoni, kwa hiyo ziliingizwa kwa dirisha hilo, moja moja, huku Bi Stoo akisimama ndani na kuzipokea kwa sauti: "Huyo aende juu. Huyo mbichi, mwekeni mbele. Huyo amepinda, mrudisheni kwa mwenyewe." Kwake ubao ulikuwa "huyo", sio "huo", na hakuna aliyemsahihisha.

Mimi nilifika pale nikiwa mtu mzima, nimetoka Taita, nina mke na mtoto wa kwanza. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, ndiye aliyenipeleka. Fundi Mkuu alinitazama viganja, akaniambia nianze. Nikiwa bado nashukuru, mwanamke aliyekaa kwenye kigoda mlangoni pa stoo, tasbihi mkononi, akaniita nisogee.

"Ndoo, baba. Kwenu wapi?"

"Taita, mama."

"Mkristo?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenu mtu akifa mwamzika vipi?"

Nilishtuka. Kuulizwa habari za kifo siku ya kwanza ya kazi niliona ni uchuro mtupu. Nikamjibu kwa mkato kwamba tunazika kwa sanduku.

"Sanduku la mbao gani?"

"Yoyote, mama. Kwa kadiri ya mtu."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye tasbihi yake kana kwamba nilikuwa nimemwambia bei ya nyanya. Jioni nilimwambia kaka kwamba nimeandikwa kazi na watu wanaoniombea kifo. Alicheka mpaka akakohoa.

Jinsi Bi Stoo alivyoingia stoo nilisimuliwa na Fundi Mkuu mwenyewe, na kila aliposimulia aliinua kikoi atuonyeshe mguu uliopona kwa kupinda. Zamani zile mbao zilikaa popote. Bodi za plaiwudi ziliegemezwa ukutani, mpya juu ya kuukuu, na aliyetaka ya nyuma alizivuta zote mbele kwa kifua chake. Siku moja Fundi Mkuu alizivuta peke yake, zikamshinda, zikamlalia zote. Mkewe alisikia kishindo kutoka juu. Akashuka na kanga zake za ndani, bila buibui, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaziinua bodi zile pamoja na wanaume.

Muda wote mumewe alipolala juu na mguu wake, mke alikuwa chini. Aliwaamuru mafundi, akaomba, akatukana kidogo, akatumia boriti kuukuu zilizong'olewa kwenye dari za nyumba zilizobomolewa. Siku Fundi Mkuu aliposhuka na mkongojo, hakuitambua stoo yake.

"Nikamuuliza, umepanga haya kwa ruhusa ya nani?" alikuwa akitusimulia. "Akanambia, kwa ruhusa ya mguu wako."

Utaratibu wake ulikuwa wa maneno machache, na kila aliyeingia kazini aliyasikia kabla ya kuonyeshwa choo: mbao hulala, bodi husimama, kipande huketi, ukivigeuza, vitakugeuka. Mbao zililala juu ya vichanja, ndizo rafu nene za boriti, na baina ya ubao na ubao palikuwa na vijiti ili zipumue. Kila mti ulikuwa na kichanja chake: mvule mbali na mninga, mninga mbali na mkangazi. Bodi za plaiwudi na chipbodi zilisimama kwa ubavu katika vyumba vyembamba, ukavuta moja kama sahani kabatini bila kuigusa ya jirani yake. Vipande viliketi kwenye makasha ya majani ya chai, virefu nyuma, vifupi mbele. Kilichopungua dhiraa moja, kwa mkono wake yeye, kilikuwa haki ya mama muuza mahamri wa pembeni, kwa kuni.

Hakuna kitu kilichogusa sakafu wala ukuta. Kuta zile wakati wa mvua hutoa jasho, na hewa ya chumvi haina huruma. Kipimo chake cha nafasi baina ya mbao na ukuta kilikuwa paka. Alikuwa na paka mmoja wa rangi ya majivu, mnene kwa mapupu, yaani mapafu, ya machinjioni, na kila baada ya kupanga alimtupia dagaa upande wa pili. Paka akipita nyuma ya kichanja bila kusugua ubavu, kazi imekubaliwa. Akikwama, tunapangua. Nimewahi kumwona fundi wa miaka mingi, mwenye ndevu nyeupe, akimbembeleza paka ajikunyate.

Kuna jambo moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka navua kofia. Adui mkubwa wa mbao ni fukusi, yule mdudu anayekula ubao kwa ndani huku ngozi ya juu ikibaki nzima. Sisi tulikagua kwa macho, tukagonga, tukasikiliza. Bi Stoo alichukua buibui lake lililochakaa, akalitandika chini ya mbao mpya, akaziacha zilale hapo mbele, mbali na wenzao. Asubuhi aliinama juu ya nguo ile nyeusi. Kama pana fukusi, unga wake mweupe ulikuwa umeanguka usiku na kuonekana wazi kama chumvi. Ubao huo haukuvuka kizingiti. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alinitazama kama nimemuuliza nani alimfundisha kupiga chafya.

Wala msidhani alikuwa mtu wa taratibu katika kila jambo. Siku moja alinituma juu nimletee miwani. Nilifungua mlango nikasimama. Kanga zilikuwa mlima juu ya kitanda cha sebuleni, sufuria zimepandana na vitabu vya dua, chupa ya marashi imo ndani ya bakuli la sukari, na miwani haikuonekana popote. Nilitafuta mpaka nikaona haya, nikashuka mikono mitupu.

"Iko juu ya friji," alisema. "Au kwenye kapu la vitunguu. Tafuta tu, baba, usione haya, hata mimi hutafuta."

Nikajikaza, nikamuuliza imekuwaje stoo ing'ae namna ile na nyumba iwe vile. Fundi Mkuu aliacha kuchonga ili asikie jibu.

"Nyumbani nikipoteza kitu nimepoteza changu," alisema. "Hapa nikipoteza ubao, nimempotezea mtu siku yake. Siku ya mtu nitamrudishia kwa kitu gani mimi?"

Na jingine: hakupenda nakshi. Mumewe alikuwa bingwa, watu walikuja kutoka mbali kutazama milango yake, maua na minyororo iliyokatwa kwa subira ya miezi. Bi Stoo alipita mbele ya mlango uliokwisha, akaukagua, akasema, "Mzuri. Lakini ubao wenyewe ulikuwa mzuri zaidi kabla hujaufukua." Fundi Mkuu aliumia kila mara, na kila mara alingoja kwa hamu asikie atasema nini. Nafikiri hapakuwa na mtu mwingine ambaye Fundi Mkuu alimwogopa.

Mwisho kabisa wa stoo, mahali pakavu kuliko pote, palikuwa na kichanja ambacho hatukukigusa. Kilikuwa na mbao zilizokwisha kukatwa, safi, pana, zisizo na misumari. Hizo zilikuwa viunza. Waislamu hawaziki kwa sanduku. Maiti hulazwa katika mwanandani, lile shimo dogo linalochimbwa ndani ya kaburi, na viunza hufunika juu yake kabla ya udongo kurudishwa. Alipokufa mtu yeyote katika mitaa ile, tajiri au hohehahe, kijana wa familia alikuja kupiga hodi karakanani. Bi Stoo hakumuuliza lolote ila moja: "Mrefu au mfupi?" Akamtolea. Maziko yao hayangoji, na kwake hayakuwahi kungoja. Lakini akijibiwa kwamba ni mtoto, alizitoa zile fupi kwa mikono yake mwenyewe, hakutaka msaada, kisha alipanda juu na hakushuka tena mpaka kesho yake.

Mwanawe mkubwa, Sudi, ndiye aliyeshughulikia wateja. Kijana mwema, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kazi mpya, makabati ya mahoteli na maofisi. Wakati mmoja alipata kazi ya nyumba kubwa ya mtaa wa Kizingo, mbao zikapungua, na mteja hataki kusikia habari ya kungoja. Sudi alikuja na vijana wawili wa kubeba, akaelekea moja kwa moja kile kichanja cha mwisho.

Bi Stoo hakupiga kelele. Aliondoka kwenye kigoda chake, akawapita, akaenda akakaa juu ya viunza, akakunja miguu, akaanza kuvuta tasbihi.

"Mama, tutazirudisha wiki ijayo," Sudi alisema. "Wallahi nitazirudisha zilizo bora kuliko hizi."

"Najua."

"Basi? Wafu hawana haraka, mama. Mteja ndiye mwenye haraka."

"Wafu ndio wenye haraka, mwanangu," alisema, bila kuinua macho. "Wewe mteja wako atangoja, atanung'unika, atakunywa kahawa, ataishi. Akija mtu hapa sasa hivi na maiti yake iko ndani, nimwambie nini? Nimwambie viunza vimekwenda kuwa kabati?"

Sudi akamtazama baba yake. Fundi Mkuu akawa na shughuli nyingi sana na patasi yake. Adhuhuri ilipita, Bi Stoo yuko pale pale. Tukala, tukarudi, yuko pale pale. Mwishowe Sudi alitoka kwenda kutafuta mbao kwa watu wengine, na mama yake aliposhuka miguu ilikuwa imekufa ganzi, tukamshika mimi na mwenzangu. "Msicheke," alituambia. Hakuna aliyekuwa akicheka.

Kisha zamu yangu ikafika. Kaka yangu, yule aliyenileta, aliugua kwa muda mfupi akafariki hospitalini. Asubuhi nilikuja karakanani kuomba ruhusa tu. Kichwani nilikuwa na mambo mengi: gari la kumpeleka Taita, kumwambia mama yetu, sanduku. Nilipoingia, msumeno ulizimwa. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Pole, mwanangu," Bi Stoo alisema. "Kaa hapa."

Nikakaa kwenye kigoda chake; ndipo nilipojua jinsi nilivyochoka. Akawaita mafundi wawili, akaingia nao stoo mpaka mwisho kabisa. Wakatoka na mbao za mkangazi, kavu, zilizonyooka, za urefu mmoja. Nilizijua. Miaka yote nilikuwa nikiziona kwenye ubavu wa kile kichanja, nikidhani ni viunza vya watu warefu.

"Hizi zenu," alisema.

"Zetu akina nani, mama?"

"Nyinyi wa bara mnaofanya kazi hapa. Siku ulipoingia nilikuuliza kwenu mwazika vipi. Ukanambia sanduku. Nikaweka."

"Tangu siku ile?"

"Wewe ulidhani nauliza kwa nini?" Aliupangusa vumbi ubao wa juu kwa upande wa kanga yake. "Mtu akifiwa ugenini hukimbia huku na huku kama kuku, huyu ana ubao, yule hana. Mtu wa kwangu hakimbii."

Nilijua kutengeneza sanduku, nilikuwa fundi, na nilitaka mikono yangu ipate la kufanya. Nikainuka kuchukua randa. Aliniwahi, akaniwekea kiganja kifuani, jambo ambalo mwanamke kama yeye hakuwa akilifanya kwa mwanamume asiye wake.

"Mtu hamfanyizii nduguye sanduku. Kaa."

Wakalifanya wao. Fundi Mkuu, ambaye kwa miaka hakuwa ameshika kazi yoyote isiyokuwa mlango, alipiga randa kifuniko kwa mkono wake, polepole, akapitisha kiganja, akapiga tena. Alipomaliza kifuniko, alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini sisi Wakristo huweka alama gani juu yake na wapi, kwa sababu yeye hakujua na hakutaka kukosea. Nikamwonyesha, akaliacha jambo hilo kwa fundi mwenzangu Mkristo, na yeye akasimama kando mikono nyuma mpaka likaisha. Adhana ilipoadhiniwa walikwenda kuswali, wakarudi wakaendelea. Mke wangu alikuja, Bi Stoo akampandisha juu kwenye fujo la nyumba yake, akamkalisha baina ya milima ya kanga, akamnywesha chai.

Jioni tuliondoka na gari. Kule nyumbani wajomba walilizunguka sanduku lile, wakaligusa pembe zake, wakaniuliza ni akina nani waliolitengeneza. Nikawaambia ni jamaa zangu wa Mombasa.

Niliporudi kazini, jambo la kwanza nililofanya nilikwenda mwisho wa stoo, sijui nikitafuta nini. Pale ubavuni palikuwa na mbao za mkangazi, kavu, zimenyooka, za urefu mmoja. Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa.

Fundi Mkuu alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa utulivu, baada ya swala. Sitasimulia siku ile, ila kwamba Bi Stoo alikaa juu katika eda kwa muda wake wote, na sisi chini tuliendelea kupanga kila kitu kama vile yuko mlangoni. Alipotoka eda, Sudi alikuwa ameshaamua kuhamishia kazi ng'ambo, nje ya kisiwa, kwenye banda kubwa lenye mashine. Nyumba ikafungwa. Bi Stoo akachukuliwa na bintiye, Kizingo, kwenye nyumba yenye bustani na geti. Mimi nikakodi chumba mtaa wa Bondeni, nikaanza karakana yangu ndogo, na mafundi watatu. Sikukuu nilikuwa nikimtembelea. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kunesa, amevaa vizuri, ananiuliza habari za watoto. Kila mara nilitoka nikiwa na huzuni nisiyojua kuieleza.

Asubuhi moja mwaka huu, gari lilisimama mbele ya karakana yangu. Mjukuu wake mmoja, msichana, alikuwa akiendesha. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Bi Stoo akashuka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, buibui limemzidi, fimbo mkononi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama, karibu! Shikamoo!"

"Marahaba. Niache nisimame kwanza."

Niliitazama stoo yangu na nikaona makosa kila mahali. Nilikuwa nimepanga kwa namna yangu, maana kazi yangu ni makabati ya jikoni na dari yangu ni fupi: kwa unene wa mbao, si kwa aina ya mti, na bodi zangu nimezilaza. Yeye alitembea taratibu kutoka mlangoni mpaka ukutani, akarudi. Mafundi wangu walisimamisha kazi bila kuambiwa, ingawa hawakumjua. Nikamletea kiti na maji.

Alikunywa, akafuta mdomo.

"Kwa binti yangu kuna mtu wa kila kitu," alisema. "Wa kupika, wa kufagia, wa maua. Nikisogeza kikombe, mtu anakirudisha. Wananipenda. Nawaombea dua. Lakini nimekuja kwako, mwanangu, nataka kazi."

"Kazi, mama? Kazi gani?"

"Wewe una stoo. Nani mtu wa stoo?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Basi huna mtu."

Msichana mlangoni alijifunika mdomo na mtandio. Mimi nilipiga goti mbele ya kiti chake, kwa sababu sikuona namna nyingine ya kumjibu. Nikamwambia aje siku anazotaka, saa anazotaka. Nikamwambia kwamba kesho nitawaita vijana wapangue kila kitu, apapange upya mahali hapa atakavyo yeye, kama pale pa zamani, na nitanunua boriti.

"La," alisema. "Upangue kwa nini? Hii si yangu, yako. Umepanga kwa sababu zako, na wanaofanya kazi hapa wameshazoea mikono yao iende wapi. Mimi ndiye mgeni." Akajikongoja, akasimama. "Nionyeshe."

Nikatangulia. Yeye akanifuata, akiweka kiganja juu ya kila rundo nililolitaja.

"Hapa, mama, ni za inchi moja."

"Inchi moja," alirudia.

"Huku inchi mbili."

"Inchi mbili."

"Bodi ziko huku, nyembamba juu, nene chini. Na chini ya ngazi ni mabaki ya chipbodi."

"Tini ya ngazi, chipbodi," alisema, kwa sauti ndogo, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayefuatisha mwalimu.

Tulifika ukutani. Alifumba macho, midomo ikamchezacheza, kisha akatikisa kichwa.

"Nyingine imeniponyoka. Rudia, mwanangu. Anza mwanzo."

Nikamshika mkono, tukarudi mpaka mlangoni, nikaanza upya.